Skani imeonyesha kitu kwenye pafu la mtoto aliye tumboni: tusikate tamaa kabla ya kuuliza

MpigaSkani_Mbarara

Habari zenu ndugu zangu. Kazi yangu ni kupiga skani za wajawazito hapa Mbarara, Uganda, na kwa kuwa nasema Kiswahili, akina mama wengi wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale na wa kule mpakani huelekezwa kwangu. Naanzisha uzi huu kwa sababu ya jambo linaloniumiza. Mama anafika na karatasi ya skani aliyopigwa kwingine. Ni mistari miwili ya Kiingereza kwamba pafu la mtoto lina uvimbe. Hakuna vipimo vya huo uvimbe, hakuna jina lake, hakuna neno lolote kuhusu moyo. Lakini kwa mdomo ameshaambiwa kwamba mtoto huyu hataishi. Amelia njia nzima, mume amepiga simu nyumbani, na wapo ambao tayari wameanza kutafutiwa mitishamba ya kutoa mimba. Namlaza kitandani, napima, na mara nyingi nakuta uvimbe mdogo, moyo unadunda vizuri na hakuna maji yaliyojikusanya mwilini. Mtoto wa namna hiyo ana nafasi kubwa sana ya kuzaliwa akalia kama wenzake.

Kwanza mjue tunaangalia nini. Wakati mzuri ni wiki ya 18 hadi ya 22. Nakikata kifua cha mtoto kwa picha ya kupita katikati, na hapo natakiwa nione vyumba vinne vya moyo, ncha ya moyo ikielekea kushoto, na moyo wenyewe ukichukua kama theluthi moja ya kifua. Mapafu yawe na rangi ya kijivu iliyo sawa pande zote mbili. Tumbo la chakula liwe chini ya kiwambo, ile misuli inayotenganisha kifua na tumbo. Upande mmoja uking'aa kuliko mwingine, au kukiwa na matundu meusi, au moyo umesukumwa hadi upande wa kulia, najua kuna kitu kinachukua nafasi isiyo yake.

Sasa hicho kitu kina majina, na majina hayo hayafanani hata kidogo kwa hatima ya mtoto.

Kinachoonekana zaidi kwenye nyama ya pafu lenyewe ni kile ambacho ripoti huandika CPAM, na ripoti za zamani CCAM. Ni sehemu ya pafu ambayo njia zake za hewa hazikujengeka sawasawa, ikabaki na vifuko. Vifuko vyenye milimita 5 au zaidi tunaviona kama matundu meusi. Vidogo zaidi ya hapo havionekani kimoja kimoja, kwa hiyo sehemu yote huonekana nyeupe kama nyama ngumu. Halafu kuna kipande cha pafu kilichojitenga, hakijaungana na bomba la hewa, na damu yake hakiipati kwenye mishipa ya mapafu bali moja kwa moja kwenye aota, ule mshipa mkuu unaotoa damu moyoni. Tukiwasha dopla, sehemu ya mashine inayoonyesha damu inavyotembea, ule mshipa unaonekana ukitoka kwenye aota na kuingia kwenye uvimbe, na shaka inaisha. Na kuna ngiri ya kiwambo, ambapo kiwambo kina tundu, utumbo unapanda kifuani na pafu linakosa nafasi ya kukua. Hii ya mwisho ni nzito kuliko hizo mbili, na nitairudia.

Kwa CPAM na kile kipande kilichojitenga, mtoto ambaye hajajaa maji mwilini ana nafasi zaidi ya 95 kwa 100 ya kuishi. Naomba mama yeyote aliye na karatasi ya namna hii mkononi aisome sentensi hiyo mara ya pili.

BintiBombo

Assalaam aleikum musawo. Asante kwa uzi huu, Allah akulipe. Mimi niko Bombo, mimba ya wiki 23, ni ya kwanza. Juzi nimepigwa skani, wameandika uvimbe pafu la kushoto, na moyo umesogea kidogo kulia. Kwenye karatasi kuna namba 4.0 x 3.2 x 3.0 lakini hakuna aliyenieleza ni za nini. Mama mkwe anasema ni kwa sababu nilikuwa nakula udongo na kutumia emumbwa, ule udongo uliochanganywa na mitishamba. Sijalala tangu siku hiyo.

MpigaSkani_Mbarara

Waaleikum salaam dada. Pole sana, na ahsante kwa kuandika namba, maana wengi hawaandikiwi hata hizo.

La udongo tulimalize kwanza. Mapafu huanza kuchipuka mimba ikiwa na kama wiki 4, kabla wengi hawajajua kama wamebeba, na matawi makuu ya njia za hewa huwa yameshajengeka kufikia wiki ya 16 au 17. Kasoro hizi hutokea katika ujenzi huo. Hazisababishwi na chakula, na hazisababishwi na kubeba maji kichwani, kugombana na mtu au kusafiri kwa bodaboda. Mwambie mama kwa heshima kwamba hukumletea mtoto ugonjwa. Udongo uuache kwa sababu nyingine: unakupunguzia damu, na unaweza kuwa na madini ya risasi.

Sasa namba. Hizo ni sentimita, urefu kwa upana kwa kina. Tunazizidisha zote, kisha tunazidisha kwa 0.52 ili tupate ujazo wa uvimbe: 4.0 x 3.2 x 3.0 ni 38.4, mara 0.52 inakuwa karibu 20. Halafu tunagawa kwa mzingo wa kichwa cha mtoto, kwa sababu uvimbe ule ule kwa mtoto mdogo ni mzigo mkubwa na kwa mtoto mkubwa ni mzigo mdogo. Angalia kwenye karatasi yako palipoandikwa HC. Kwa wiki 23 huwa kama sentimita 21. 20 gawanya kwa 21 ni kama 0.95. Uwiano huu madaktari wanauita CVR.

Mpaka unaoogopwa ni 1.6. Aliye chini ya hapo, na hana kifuko kimoja kikubwa kinachotawala uvimbe mzima, uwezekano wa mtoto wake kujaa maji ni chini ya 3 kwa 100. Aliye juu ya hapo hatari ni kubwa na anatakiwa kufuatiliwa kwa karibu mno. Wewe uko chini. Lakini 0.95 si ndogo sana. Iko karibu na 1, na wanaofika hapo wana uwezekano zaidi wa kuhitaji msaada wa pumzi siku ya kuzaliwa. Kwa hiyo usilale macho kwa hofu, lakini usipange kuzalia kituo cha jirani.

Na usikae hadi mwezi wa tisa ndipo upige skani nyingine. Vivimbe hivi hukua haraka kati ya wiki ya 20 na ya 26, kisha kufikia wiki ya 28 vingi huacha kukua huku mtoto akiendelea kunenepa, na nafasi inarudi kifuani. Mpaka hapo utazamwe kila wiki au kila baada ya wiki mbili. HC yako ni ngapi?

BintiBombo

Imeandikwa 20.8.

MpigaSkani_Mbarara

Basi ni 0.96. Maneno yangu ni yale yale. Kutoka Bombo unashuka barabara ya Gulu, Kawempe iko njiani, na Mulago mbele kidogo. Kliniki yako ikuandikie barua ya rufaa ya kwenda Hospitali Maalumu ya Wanawake na Watoto Wachanga pale Mulago, ile iliyofunguliwa 2018. Beba karatasi zote za skani, hata iliyochanika. Anayekutazama akiona vipimo vya nyuma ndipo anajua kama uvimbe unakua au umesimama.

MamaFuraha_Kyangwali

Habari munganga. Mimi ni mkimbizi, niko Kyangwali. Niko na maswali. Huku wanasema skani nyingi zinaunguza mtoto, ndiyo sababu mapafu yanaharibika. Na huko kujaa maji ni nini? Kila mtoto tumboni si anaishi ndani ya maji?

MpigaSkani_Mbarara

Karibu mama Furaha. Skani ni sauti. Mashine inatoa mawimbi ya sauti ambayo sikio la binadamu haliyasikii, yanagonga mwili wa mtoto na kurudi, na mashine inayageuza kuwa picha. Haina miale ya eksirei hata kidogo. Ian Donald na wenzake wa Glasgow walichapisha kazi yao ya kwanza ya picha hizi mwaka 1958, na tangu hapo vizazi vizima vimepigwa skani tumboni. Shirika la Afya Duniani linataka kila mjamzito apigwe angalau moja kabla ya wiki 24. Shida ya huku kwetu ni kwamba wengi huja wiki ya 36, kutazama kama kichwa kimeelekea chini na kama ni wa kike au wa kiume. Kwa kifua cha mtoto, wakati mzuri wa kuangalia umeshapita.

Swali lako la maji ni zuri sana. Maji ya uzazi yanayomzunguka mtoto ni mazuri na anayahitaji; tena bila hayo mapafu hayakui. Mtoto ambaye chupa imepasuka mapema sana, au ambaye figo zake hazikuumbika na hivyo hakojoi, mapafu yake hubaki madogo hata kama hayana uvimbe wowote. Ubaya unaanza maji yanapojikusanya ndani ya mwili wake: tumboni, kuzunguka mapafu, kuzunguka moyo, chini ya ngozi hadi kichwa kinaonekana kimevimba. Yakiwa sehemu mbili au zaidi tunasema amepata haidropsi. Uvimbe umekuwa mkubwa hadi unasukuma moyo na kubana mishipa inayorudisha damu, na moyo unazidiwa. Hapo hali imebadilika kabisa. Bila matibabu, karibu wote hufa.

Naliandika waziwazi kwa sababu ndilo swali la kwanza la kumuuliza anayekupiga skani: je, kuna maji tumboni mwa mtoto au kwenye kifua chake? Akijibu hakuna, umepata habari njema kuliko zote za siku hiyo. Akijibu yapo, usirudi nyumbani kusubiri kliniki ya mwezi ujao.

Tena mama mwenyewe anahatarika. Mtoto akijaa maji, mama naye anaweza kuvimba miguu na uso na presha kupanda, ukadhani ni kifafa cha mimba cha kawaida. Na uvimbe ukibana njia ya chakula ya mtoto, anashindwa kumeza maji ya uzazi, yanazidi, na tumbo la mama linakuwa kubwa kuliko wiki zake na kukaza. Ukiona hayo usiyaite uzito wa mimba. Nenda Hoima, hospitali ya rufaa iko hapo karibu nawe.

BabaKasese

Nimesoma kimya, sasa acha niseme. Mtoto wetu wa pili alionekana na CPAM kwenye skani ya miezi mitano, sehemu ya chini ya pafu la kulia. Tulifuatilia. Skani ya mwisho kabla ya kujifungua, wakatuambia haionekani tena, imekwisha, mshukuruni Mungu. Tulishukuru kweli, tukafanya na sherehe. Alizaliwa vizuri, akanyonya, hakuna aliyetuambia turudi.

Alipokuwa anaelekea miaka miwili zikaanza nimonia. Anapona, inarudi. Tukapewa dawa kituo hadi kituo, kila mahali wanatazama kama ni mtoto mpya, hakuna anayeuliza habari za mimba. Ni nesi mmoja ndiye aliyezipanga picha za eksirei zote mezani akaona ugonjwa unarudi mahali pale pale, chini kulia. Akauliza kama kulikuwa na jambo wakati wa ujauzito. Mke wangu akaenda kuchukua ile karatasi ya zamani. Tukatumwa Kampala kwa CT skani, na uvimbe ulikuwepo miaka yote hiyo. Walimfanyia upasuaji, wakaondoa sehemu ile ya pafu. Sasa yuko shule ya msingi, anakimbia kuliko kaka yake. Hospitali ya kwanza siitaji jina, nia yangu ni mzazi mwingine asiambiwe imekwisha akakubali.

MpigaSkani_Mbarara

Baba, ahsante sana. Umeeleza vizuri kuliko nilivyoweza. Mwishoni mwa mimba uvimbe mara nyingi hufanana rangi na pafu zima, na mbavu za mtoto zimekomaa zinaleta kivuli, kwa hiyo jicho haliuoni. Kutoonekana kwenye skani si kupona. Watoto wengi wa namna hii wakipigwa CT baada ya kuzaliwa, uvimbe hukutwa bado upo. Karatasi ile iwekwe pamoja na kadi ya chanjo ya mtoto, mahali pamoja, miaka yote.

Upasuaji_Watoto_KLA

Mimi niko kwenye timu ya upasuaji wa watoto. Naongezea kwa BabaKasese.

Eksirei ya kawaida inaweza kuonekana safi huku uvimbe upo, hivyo isiwe ndiyo kipimo cha kumaliza mashaka. Kinachotakiwa ni CT ya kifua yenye dawa ya mishipa, na kwa mtoto asiye na dalili tunapenda afike kama miezi 3 hadi 6 kwanza. Aliyezaliwa anahema kwa shida hasubiri. Huyo anashughulikiwa mara moja.

Je, asiye na dalili akatwe? Hapa madaktari duniani hawajakubaliana. Wapo wanaoondoa uvimbe ndani ya mwaka wa kwanza ili kuepusha maambukizi, na kwa sababu ipo saratani adimu ya mapafu ya watoto ambayo kwenye picha inaweza kufanana na CPAM yenye vifuko. Wapo wanaosubiri na kufuatilia kwa picha. Maoni yangu, na nayasema kwa sababu ya mazingira yetu: familia inayoishi mbali na hospitali, ambayo nimonia moja mbaya inaweza kuikuta saa tano za usiku bila usafiri, heri uvimbe uondolewe mtoto akiwa na afya njema, kwa siku iliyopangwa. Pafu la mtoto huendelea kuunda vifuko vipya vya hewa kwa miaka kadhaa baada ya kuzaliwa, kwa hiyo kilichobaki hujaza nafasi. Anacheza, anasoma, anaishi.

Watu hutuuliza waende wapi. Upasuaji wa watoto upo Mulago na Mbarara. Madaktari wa upasuaji wa kifua wako Taasisi ya Moyo ya Uganda pale Mulago. Entebbe kuna hospitali ya upasuaji wa watoto ya shirika la Emergency la Italia, iliyofunguliwa 2021, ile yenye kuta nene za udongo alizozichora Renzo Piano, na matibabu yake ni bure. Huko upasuaji ni wa kupangwa, kwa hiyo ulizeni mapema, na msiende na mtoto anayeishiwa pumzi. Na tafadhali, CURE ya Mbale ni ya vichwa maji na mgongo wazi. Tumewahi kupokea familia iliyokuwa imemaliza nauli kwenda huko kwa ajili ya pafu.

Mkunga_Koboko

Naomba kuuliza kama mkunga, maana niko kituo cha daraja la tatu na mashine ya skani hatuna. Mama anafika na uchungu, hajawahi kupigwa skani. Nitajuaje kama mtoto ana ile ngiri ya kiwambo? Na nifanye nini?

MpigaSkani_Mbarara

Sista, hili namwachia daktari, lakini niseme kidogo upande wa picha. Ngiri ya kiwambo hutokea kwa takriban mtoto mmoja katika kila 3,000, na kwa zaidi ya wanne katika watano huwa ni upande wa kushoto. Kwenye skani unakuta tumbo la chakula limelala kando ya moyo, kwenye picha moja, jambo ambalo haliwezekani kwa mtoto wa kawaida. Mwanga wa uvimbe na wa utumbo unaweza kuchanganya jicho, lakini utumbo ukitulia na kuutazama unajisogeza. Hapo hatupimi uvimbe. Tunapima pafu la upande wa pili limekua kiasi gani, na kama ini nalo limepanda kifuani. Ini likipanda na pafu likiwa dogo, hali ni ngumu. Tena lazima moyo na viungo vingine vikaguliwe, kwa sababu ngiri hii mara nyingi huja na kasoro nyingine, tofauti na CPAM ambayo kwa kawaida huja peke yake.

Upasuaji_Watoto_KLA

Sista wa Koboko, swali lako linaweza kuokoa mtoto. Mtoto anazaliwa, anahema kwa shida, anageuka bluu. Mtazame tumbo: limebonyea ndani badala ya kuwa la mviringo, na kifua kimejaa, upande mmoja kuliko mwingine. Weka stetoskopu kushoto, pumzi huzisikii vizuri, na mapigo ya moyo unayapata kulia. Ukikuta hayo pamoja, fikiria ngiri ya kiwambo.

Sasa hapa ndipo mikono yetu iliyozoea inaweza kudhuru. Kwa mtoto mwingine yeyote asiyehema tunachukua mfuko wa hewa na barakoa tunampulizia. Kwa huyu, hewa unayopuliza inaingia pia tumboni, utumbo ulioko kifuani unajaa, na pafu linabanwa zaidi. Penye mtu anayeweza kuingiza mrija kwenye bomba la hewa, afanye hivyo mapema. Ingiza mrija wa mdomoni au puani hadi tumboni, uvute hewa kwa bomba la sindano, uuache wazi. Mpe oksijeni, mtie joto, asinyonyeshwe, piga simu Arua mkiwa mnajiandaa kuondoka. Kama hahemi kabisa na hakuna wa kumwingizia mrija, mpulizie kwa barakoa kwa nguvu ndogo, mrija wa tumboni ukiwa ndani na wazi. Huwezi kumwacha bila pumzi. Na upasuaji haufanyiki dakika hiyo. Pumzi na mzunguko wa damu vitulie kwanza, ndipo tundu lizibwe.

Mkunga_Koboko

Webale nyo daktari. Mrija wa tumboni tunao, sindano tunazo. Nitawaonyesha wenzangu zamu ya asubuhi.

Okello_Tororo

Nimesikia nje wanatibu mtoto akiwa bado tumboni. Ni kweli au ni hadithi?

Upasuaji_Watoto_KLA

Ni kweli, kaka. Kwa ngiri kali ya kushoto, timu iliyoongozwa kutoka Leuven, Ubelgiji, ilichapisha 2021 matokeo ya kuweka puto dogo kwenye bomba la hewa la mtoto, karibu wiki ya 27 hadi ya 29, na kulitoa wiki ya 34. Puto linazuia maji ya mapafu yasitoke, na pafu linatanuka. Waliowekewa waliishi 40 kwa 100. Wasiowekewa, 15 kwa 100. Kwa ngiri ya wastani tofauti haikuthibitika. Na gharama yake ni chupa kupasuka mapema na mtoto kuzaliwa njiti, hivyo hata huko si kila mtu anafanyiwa.

Kwa CPAM yapo ambayo hayahitaji teknolojia ya ajabu. Ule uvimbe mweupe wenye vifuko vidogo sana, ukiwa mkubwa au mtoto akianza kujaa maji, mama huchomwa betamethasoni, miligramu 12 mara mbili zikipishana saa 24, na uvimbe mara nyingi huacha kukua na maji kupungua. Ni sindano ya jamii ile ile tunayowapa akina mama wanaoelekea kuzaa njiti. Uvimbe wenye kifuko kimoja kikubwa hausikii sindano hiyo. Huo unatakiwa kutobolewa kwa sindano au kuwekewa mrija mwembamba unaopeleka maji nje ya kifua cha mtoto. Ndiyo maana mpiga skani akiandika tu "uvimbe" bila kusema vifuko ni vikubwa au vidogo, ametunyima nusu ya uamuzi.

Hajat_Arua

Na mimi niseme kama mama mtu mzima. Tuwaombee watoto hawa, na dua isimzuie mtu kupanda gari kwenda hospitali. BintiBombo, mwanangu, mume wako aende na wewe. Kwenye vyumba vile mtu mmoja hasikii yote anayoambiwa.

BintiBombo

Ahsante Hajat. Tulienda wote jana, Mulago. Daktari amepima upya, uvimbe una vifuko vitatu vikubwa kiasi, hakuna mshipa kutoka kwenye aota, hakuna maji popote. Uwiano ametoa 0.9. Amesema kila wiki mbili mpaka wiki 28, halafu kila mwezi, na nizalie pale pale kwa sababu wana chumba cha watoto wachanga. Nimeuliza kama lazima nipasuliwe, akasema hapana, uvimbe peke yake si sababu ya kupasuliwa. Nimekula leo.

Musawo, nina swali moja limebaki. Mama mkwe sasa ametulia, lakini anauliza kama watoto watakaofuata nao watakuwa hivi.

MpigaSkani_Mbarara

Alhamdulillah dada, habari njema hizo. Mshipa kutoka kwenye aota umetafutwa na vifuko vimetajwa kwa ukubwa. Ndivyo ripoti inavyotakiwa kuwa.

Mjibu mama hivi: CPAM kwa kawaida haiko kwenye ukoo, humpata mtoto mmoja na wadogo zake wakazaliwa na mapafu mazima. Mimba ijayo ukapigwe skani wiki ya 20 kama mjamzito mwingine yeyote, umwambie anayekupima alichokuwa nacho mkubwa wake. Ila kama katika ukoo wenu au wa mume kuna mtoto aliyewahi kuugua saratani ya mapafu utotoni, mwambie daktari wa Mulago sasa, kabla hujajifungua, kwa sababu hiyo aina adimu hurithiwa katika baadhi ya familia na itabadilisha wanavyomfuatilia huyu uliyembeba.